Leseni ya urubani wa biashara mkononi, saa 200 kwenye daftari: ni kazi gani ya kutarajia?

Mleta uzi

Wadau, habari za wakati huu. Nimeamua kuanzisha uzi huu kwa sababu swali la ajira ya marubani wapya huulizwa kila mara, na majibu yake karibu yote huangukia upande mmoja kati ya mbili. Wapo wanaosema kwamba dunia ina uhaba mkubwa wa marubani, kwa hiyo mwenye leseni hawezi kukosa kazi. Wapo pia wanaosema kwamba urubani ni wa watoto wa wenye fedha tu, na kwamba asiye na jamaa mkubwa asijisumbue. Kauli zote mbili zinampotosha kijana aliye karibu kutumia akiba ya familia nzima. Nilifundisha urubani kwa miaka kadhaa kabla ya kuajiriwa na shirika la ndege, na sasa ni miongoni mwa wanaowapima waombaji wa kazi kwenye simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urukaji. Nitaeleza ninavyolielewa jambo hili, na ninawaomba wenye uzoefu tofauti waongeze yao.

Tuanze na leseni yenyewe. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, ambacho ndicho msingi wa leseni za marubani katika nchi wanachama wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, mwombaji wa leseni ya urubani wa biashara, yaani CPL, anatakiwa awe ametimiza miaka 18 na awe na saa 200 za kuruka, au 150 iwapo amesoma kozi moja ya mfululizo iliyoidhinishwa. Nchini Marekani kiwango cha kawaida ni saa 250. Leseni ya juu kabisa, ATPL, ambayo ndiyo humwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inahitaji saa 1500 na umri wa miaka 21. Kati ya 200 na 1500 kuna saa 1300, na suala zima la ajira ya rubani mpya limo ndani ya hizo saa 1300: nani atakulipa ili uzipate, utazipata kwenye ndege ya aina gani, na itakuchukua muda gani. Leseni ya CPL inakupa ruhusa ya kupokea malipo kwa kazi ya kuruka. Anayetakiwa kukupa ndege yake ana masharti yake mengine kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo shule nyingi za urubani hazilielezi waziwazi kwa wanafunzi. Anayeamua kama utakabidhiwa ndege mara nyingi si mamlaka ya usafiri wa anga, wala si mwenye kampuni, bali ni bima. Mwenye ndege ndogo aina ya Cessna 208 Caravan anaweza kuvutiwa nawe, akaziona alama zako za mitihani na akaridhika na tabia yako, lakini mkataba wake wa bima umeandika kwamba rubani wa ndege hiyo awe na saa kadhaa kwa jumla, saa kadhaa akiwa rubani kiongozi, na pengine saa kadhaa kwenye injini za turbini. Akikuweka usukani kabla hujazifikisha, siku ndege ikipata hitilafu bima ina sababu ya kukataa kulipa, na hakuna mwenye kampuni anayeweza kuibeba hatari hiyo kwa sababu tu wewe ni kijana mwenye bidii. Kwa hiyo unapoona tangazo la kazi ya ndege ndogo linataka saa 500 au 1000, usidhani kwamba mtu amekaa akabuni namba ya kukukatisha tamaa. Marekani imeliweka jambo hilo hata kwenye kanuni: rubani kiongozi wa ndege ya kukodi anatakiwa awe na saa 500 kwa safari za kuruka kwa kuona, na 1200 kwa safari za kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutegemea ala za ndege bila kuona nje. Maana yake ni kwamba mwenye CPL ya saa 250 haruhusiwi kuwa rubani kiongozi hata kwenye ndege ya kukodi yenye injini moja.

Kazi za kwanza zilizopo kweli, basi, ni hizi zisizopigiwa debe: kufundisha wanafunzi wapya, kuwapandisha angani wanaoruka kwa miamvuli, kuvuta mabango ya matangazo, kupiga picha za upimaji wa ardhi, kukagua mabomba ya mafuta na nyaya za umeme kutoka angani, na safari fupi za watalii kwa ndege ndogo. Mji wa Maun nchini Botswana, kwenye lango la delta ya Okavango, na Kununurra huko kaskazini magharibi mwa Australia, inajulikana miongoni mwa marubani duniani kwa sababu kampuni za huko zimekuwa zikiwachukua watu wenye saa chache. Hata huko mtu hafiki leo na kuruka kesho. Wengi hukaa wiki au miezi wakipeleka maombi kwa mkono, wakijulikana kwa sura, na wakisubiri msimu uanze. Nchini Kanada kuna kampuni zinazomwanzisha rubani mpya kwenye kazi za chini, yaani kupakia mizigo, kusafisha ndege na kupokea abiria, kabla ya kumpa kiti cha rubani.

Ni vizuri kuifahamu sura ya kazi hiyo kabla ya kuikubali au kuikataa. Rubani wa ndege ndogo ya kukodi huamka kabla ya jua, hutoa mafuta kidogo kutoka chini ya kila tangi na kuyashika kwenye kikombe cha kioo dhidi ya mwanga ili kuona kama kuna maji yaliyokaa chini. Kisha hupima mizigo mwenyewe kwenye mzani, huwauliza abiria uzito wao, na huandika hesabu ya uzito na mizania ili kujua kama mtu mnene akae mbele au nyuma. Baada ya hapo huruka kwa dakika 25, hufukuza wanyama kwa kupita chini mara moja juu ya kiwanja cha changarawe, hutua, hushusha mizigo, hupakia mingine na kuanza upya. Anaweza kufanya hivyo mara sita kwa siku na bado akaandika saa mbili na nusu tu kwenye daftari lake. Ni kazi ngumu, na malipo yake mara nyingi hayalingani na gharama ya mafunzo, lakini maamuzi ya kugeuza ndege kwa sababu ya mvua, au kukataa begi moja la ziada, yanamjenga rubani kwa namna ambayo darasa haliwezi.

Ipo njia ya pili, na sitaki kuificha. Barani Ulaya, na katika nchi kadhaa za Asia na Ghuba, mashirika ya ndege huwachukua vijana wenye saa 200 hivi na kuwaweka moja kwa moja kwenye kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi, cha Airbus A320 au Boeing 737. Kisheria inawezekana kwa sababu rubani msaidizi hahitaji ATPL kamili. Anahitaji CPL, kibali cha kuruka kwa vyombo, kozi ya MCC inayofundisha marubani wawili kufanya kazi kama timu moja, mitihani ya nadharia ya ATPL, na kibali cha aina ya ndege husika. Ipo pia leseni ya MPL, iliyoingizwa kwenye kanuni za ICAO mwaka 2006, ambayo humwandaa mwanafunzi tangu mwanzo kwa ajili ya ndege ya marubani wawili kwa saa 240, nyingi zikiwa za simuleta. Njia hii ni halali na imetoa marubani wazuri. Kasoro yake ni kwamba milango yake haitegemei juhudi yako peke yake. Hufunguka pale mashirika yanapopokea ndege mpya, na hufungwa ghafla.

Kuhusu huo uhaba wa marubani, takwimu zinazotajwa zaidi ni za Boeing, ambao mwaka 2024 walikadiria kwamba dunia itahitaji marubani wapya 674,000 katika miaka 20. Zisomeni vizuri. Ni makadirio ya mtengenezaji wa ndege, ya miongo miwili, na yanajumuisha wanaostaafu watakaohitaji kuzibiwa nafasi zao. Kinachopungua haraka zaidi sokoni ni makapteni na wakufunzi wenye uzoefu. Inawezekana kabisa shirika moja liwe linasimamisha safari kwa kukosa makapteni, na wakati huohuo liwe na rundo la maombi ya wenye saa 200 lisilofunguliwa, kwa sababu kila rubani msaidizi mpya anahitaji kapteni mkufunzi wa kuruka naye, na hao ndio walioadimika.

Soko lenyewe hupanda na kushuka kwa ghafla. Baada ya Septemba 2001 ajira zilisimama. Baada ya mgogoro wa fedha wa 2008 zikasimama tena. Na mwaka 2020, kwa takwimu za ICAO, idadi ya abiria duniani ilishuka kutoka takriban bilioni 4.5 hadi bilioni 1.8. Hata bila janga kuna mambo ya kiufundi: kuzuiwa kwa Boeing 737 MAX kuanzia Machi 2019, na ukaguzi wa injini za Pratt & Whitney za A320neo uliotangazwa mwaka 2023, vyote viliziacha ndege chini, na ndege iliyo chini haihitaji rubani mpya. Mafunzo huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, kwa hiyo hali ya soko unayoiona siku unapolipa ada si hali utakayoikuta siku unapopata leseni. Huo ndio ushauri wangu wa msingi: panga fedha na maisha yako kana kwamba utamaliza wakati mbaya, na nafasi nzuri ikitokea uipokee kwa shukrani.

Mchangiaji wa kwanza

Asante sana, Kapteni, kwa uzi huu. Mimi nina CPL, kibali cha kuruka kwa vyombo na cha injini mbili, na saa 215. Nimetuma maombi mengi bila jibu. Kuna kituo cha mafunzo kimeniambia kwamba nikijilipia kibali cha A320 nitakuwa mbele ya wenzangu, na benki iko tayari kuniongezea mkopo. Je, unanishauri nini?

Mleta uzi

Ndugu yangu, kama hakuna shirika lililokupa barua ya ajira inayotaja kibali hicho, usikilipie. Sababu ya kwanza ni muda. Kwa kawaida kibali cha aina ya ndege hudumu miezi 12, na baada ya hapo unahitaji kupimwa tena kwenye simuleta kwa gharama yako. Mtu aliyepata kibali na hajawahi kuiendesha A320 halisi yenye abiria, mwaka wa pili anakuwa na karatasi iliyokwisha muda pamoja na mkopo ambao haujaisha. Sababu ya pili ni wale mtakaoshindana nao. Mashirika ya ndege ya Monarch na Air Berlin yalipofilisika mwaka 2017, Thomas Cook mwaka 2019 na Flybe Machi 2020, marubani wenye vibali na maelfu ya saa waliingia sokoni kwa mkupuo. Mwajiri anayetafuta mwenye kibali tayari hutafuta mwenye kibali na saa 500 au zaidi kwenye aina hiyo ya ndege. Mwenye kibali na saa sifuri kwenye ndege hiyo kwake ni mwanafunzi, kama yule asiye nacho.

Ukiwa na fedha za kozi moja tu, mimi ningezitumia kwenye ukufunzi wa urubani, kwa sababu huo unakuwezesha kulipwa huku saa zikiongezeka. Tofautisha pia mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Shirika likikuajiri, likakulipia kibali na kukutaka usaini mkataba wa kulitumikia kwa miaka kadhaa, au urudishe sehemu ya gharama ukiondoka mapema, hilo ni jambo la kawaida. Soma tu kwamba deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, na kwamba haliwi juu yako wakikuachisha wao. Lakini ukiambiwa ulipe ili upewe saa 300 au 500 kwenye kiti cha kulia cha ndege ya abiria, kisha kiti apewe mwingine aliyelipa, hapo wewe si mwajiriwa bali ni mteja. Kazi ya namna hiyo inashusha mishahara ya wenzako wote na haina ahadi yoyote baada ya saa hizo kwisha. Ninaipinga waziwazi.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mama wa binti aliyemaliza sekondari na anayependa sana urubani. Ana alama nzuri za hisabati na fizikia. Tunafikiria kuweka nyumba rehani ili asome. Nimesoma yote uliyoandika na nimeingiwa na hofu. Naomba unieleze kama ungekuwa mzazi ungefanya nini, na baada ya muda gani mtoto anaweza kujitegemea.

Mleta uzi

Shikamoo mama. Hofu yako ni ya haki, na afadhali ije sasa kuliko baada ya kusaini.

Jambo la kwanza, kabla ya kulipa hata fomu ya shule, ni binti kupimwa afya ya daraja la kwanza na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Kipimo hicho huangalia macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo na historia ya magonjwa, na kwa rubani kijana hurudiwa kila miezi 12. Nimewaona vijana waliogundua tatizo la kuona rangi wakiwa wameshatumia nusu ya ada.

La pili, mama, amueni kwanza atafanya kazi wapi, ndipo mchague shule. Leseni hutolewa na nchi, na kuihamisha si kubadilisha karatasi tu. Mwenye CPL ya Marekani anayetaka kuajiriwa Ulaya atalazimika kufanya mitihani ya nadharia na majaribio ya urukaji kwa utaratibu wa Ulaya, ambao una masomo 13 ya ATPL, kila moja likihitaji alama 75 kati ya 100, na yote yamalizike ndani ya miezi 18 tangu kufanya mtihani wa kwanza. Aidha, leseni haimpi mtu haki ya kuishi na kufanya kazi katika nchi husika. Mashirika mengi huandika sharti hilo mstari wa kwanza wa tangazo, na waombaji wengi hawalisomi.

La tatu, msilipe ada yote kwa pamoja. Shule za urubani hufilisika katika nchi zote, na wazazi waliolipa kwa mkupuo hubaki wakidai pamoja na wadai wengine. Lipeni kwa awamu, kwa kadiri saa zinavyorukwa. Katika bajeti yenu tengeni fungu ambalo halitaguswa hadi leseni ipatikane, kwa sababu siku hiyo matumizi hayaishi: kuna kuhuisha vibali, kuna nauli za usaili, kuna simuleta ya mazoezi, na kuna chakula na pango la binti akiwa hana mshahara. Familia nyingi humaliza fedha siku ya mtihani wa mwisho, na kijana hukaa nyumbani huku ujuzi wake ukififia, wakati angehitaji kiasi kidogo tu ili abaki tayari.

Kuhusu muda, mimi huwashauri wazazi wahesabu miaka miwili hadi mitatu baada ya leseni kabla ya kutegemea mshahara unaoweza kubeba mkopo. Akipata mapema ni heri. Kama marejesho ya rehani yanatakiwa kuanza mara tu anapohitimu, na hamna kipato kingine cha kuyalipa katika miaka hiyo, basi mimi nisingeweka nyumba. Ningetafuta njia ya polepole: asome shahada au ufundi unaomwingizia kipato, huku akichukua leseni kwa vipande, yaani leseni ya binafsi kwanza, saa kidogo kidogo, kisha CPL. Njia hiyo ni ndefu, lakini shirika la ndege haliuliziulizi kama saa zako ulizipata kwa miezi 18 au kwa miaka mitano, mradi ujuzi uwe hai.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, kwa heshima zote, naona unawatisha vijana. Mimi niliingia shirika la ndege nikiwa na saa chini ya 300, sikuwa na jamaa yeyote, na wenzangu kadhaa wa darasa moja tuliingia nao. Kusema kwamba kila mtu aanzie kwenye viwanja vya changarawe ni kuwapotezea watu miaka. Shirika linaweza kumfikisha rubani msaidizi mpya saa 700 au 800 kwa mwaka, wakati anayefundisha kwenye ndege ya injini moja anaweza kuhangaika miaka miwili kuzifikia.

Mleta uzi

Hongera sana, mkuu, na hesabu yako ni sahihi. Kanuni za Ulaya zinaruhusu hadi saa 900 kwa mwaka wa kalenda, na Marekani hadi 1000 katika siku 365, kwa hiyo kwenye shirika lenye safari nyingi daftari hujaa haraka. Anayepata nafasi hiyo aichukue bila kusita. Ninachosema ni kwamba asiyeipata asijione ameshindwa, na asiyejua kama ataipata asikope kana kwamba ameshaipata. Wewe na wenzako mlimaliza wakati shirika linaajiri. Darasa lililofuata baada yenu, lenye alama zilezile, huenda lilimaliza wakati limefunga mlango.

Kwa kuwa umeingia kwa njia hiyo, utakubaliana nami kwamba kuna yaliyo mikononi mwa mwombaji. Nieleze kidogo kinachotokea kwenye simuleta, maana wengi huingia wakidhani tunatafuta ustadi wa ajabu. Mwombaji hupewa ndege ikiwa futi 5000, mwendo noti 210, yaani maili za baharini 210 kwa saa, mtambo wa ndege kujiendesha umezimwa na mishale ya mwongozo kwenye skrini imeondolewa, kisha huambiwa apande, ashuke, ageuke kwa nyuzi 45, aingie kwenye mzunguko wa kusubiri, na mwishowe atue kwa kufuata mawimbi ya ILS, mfumo wa redio unaoielekeza ndege hadi kwenye njia ya kutua. Katikati tunampa hitilafu ndogo. Karibu kila mtu hupoteza futi mia moja au mbili mahali fulani. Tunachoangalia ni kama ameona kabla hatujamwambia, kama amesema kwa sauti kwamba anarekebisha, na kama amerekebisha taratibu bila kuvuta usukani kwa nguvu. Hitilafu inapotokea, yupo anayeiacha ndege ielee huku akisoma taa zinazowaka, na yupo anayeiweka ndege sawa kwanza, akamwomba mwenzake amsomee orodha ya ukaguzi, ndipo akaongea na waongoza ndege. Huyu wa pili huitwa hata kama kutua kwake hakukuwa kuzuri. Mwombaji anayebishana na mpimaji kuhusu kosa lililoonekana na watu watatu haitwi, hata awe na alama 98 za nadharia.

Mchangiaji wa nne

Niongeze kama mkufunzi ambaye bado anafundisha. Kuna vijana wanaokuja kwenye ukufunzi wakiwa na lengo moja tu la kukusanya saa, na mwanafunzi hulijua hilo siku ya kwanza. Nchini Marekani hali hiyo imekua tangu kanuni ya mwaka 2013 iliyotaka hata rubani msaidizi wa shirika awe na saa 1500, au 1000 kwa mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa, au 750 kwa aliyetoka jeshini. Kanuni hiyo ilitokana na sheria iliyopitishwa baada ya ajali ya Colgan Air safari ya 3407 karibu na Buffalo, tarehe 12 Februari 2009, iliyoua watu 50, ingawa marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa 2000. Saa peke yake hazikuwaokoa. Kwa hiyo ukifundisha, fundisha kweli: muache mwanafunzi akosee hadi mpaka ulio salama, mweleze ni kwa nini ndege inapoteza nguvu ya hewa inayoibeba, na ujiandae jioni kwa somo la kesho. Mkufunzi aliyemwokoa mwanafunzi kwenye kutua kubaya mara nyingi huisoma ndege vizuri kuliko mtu aliyeruka saa hizohizo akizunguka kiwanja peke yake.

Mleta uzi

Umenena vema, mwalimu, na sina la kuongeza hapo.

Mchangiaji wa tano

Mimi nina miaka 36 na ninataka kuanza sasa. Je, nimechelewa?

Mleta uzi

Hujachelewa kisheria. Kikomo cha ICAO kwa marubani wa safari za kimataifa za ndege ya marubani wawili ni miaka 65, kwa hiyo ukipata leseni ukiwa na 38 una miaka zaidi ya 25 ya kazi. Utakachokosa ni baadhi ya nafasi za kadeti zenye kikomo cha umri, na mahali ambapo ngazi hufuata tarehe ya kuajiriwa utakuwa nyuma ya vijana wadogo kwa muda wote. Kama una familia, liangalie zaidi suala la kipato cha miaka ya mwanzo kuliko la umri. Kwa upande mwingine, kama umesimamia watu au mitambo katika kazi yako ya sasa, liseme kwenye usaili, kwa sababu utulivu wa mtu mzima huonekana na huhesabiwa.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekuelewa, Kapteni, na nimeamua kuachana na kibali cha A320. Swali langu la mwisho: wakati ninasubiri, nifanye nini ili nisirudi nyuma?

Mleta uzi

Hakikisha kwanza kwamba kipimo cha afya na kibali cha kuruka kwa vyombo havikwishi muda hata siku moja, kwa sababu nafasi nyingi hutangazwa ghafla na hujazwa na waliotayari wiki hiyo. Kwa fedha kidogo, ruka walau mara moja kwa mwezi, na uifanye safari hiyo iwe na kusudi: mwezi huu kukaribia kutua kwa kutumia vyombo, mwezi ujao kutua kwa upepo wa ubavu. Ukumbuke kwamba bila kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita huruhusiwi kubeba abiria. Kila wiki chagua somo moja la nadharia na umweleze mtu mwingine, kwani kwenye usaili wengi hukwama kwenye maswali ya msingi waliyoyafaulu miaka miwili nyuma. Tafuta kazi yoyote iliyo karibu na ndege, iwe ya kupanga safari, kuhesabu uzito wa mizigo au kupokea simu kwenye ofisi ya ndege za kukodi, kwa maana mkuu wa marubani anapopungukiwa na mtu asubuhi humfikiria kwanza yule anayemwona kila siku.

Daftari lako la saa lijumlishe upya, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kutuma ombi lolote. Tenga saa za rubani kiongozi, za usiku, za vyombo na za injini mbili, na usichanganye za simuleta na za ndege halisi. Wapo wanaoongeza saa kwa kalamu ili wafike 500. Sisi tunaopima hulinganisha tarehe na kumbukumbu za ndege iliyotajwa, na ikionekana kwamba siku hiyo ndege ilikuwa karakana, jina la mwombaji hutolewa na taarifa inaweza kufika mamlaka iliyotoa leseni. Kama jumla yako ni 215, andika 215, na uweke tarehe ya mara ya mwisho uliporuka.